Jaruba la Baba Mkwe Liko Rehani: Nikilikomboa, Litakuwa Langu?

Swali: Assalaam alaykum mwalimu. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Tanga, nafanya kazi Maskati. Mke wangu ni Msunda kutoka kijiji kimoja cha Cianjur, Java Magharibi. Tulikutana huku kazini, tukaoana hapa hapa. Baba yake ana shamba la mpunga la tumbak 200. Miaka minne iliyopita aliliweka gadai, yaani rehani ya kwao, kwa jirani, akapewa rupia milioni 40. Sasa ananiomba nilikomboe, anasema "litakuwa lenu". Kinachonichanganya ni kwamba mpaka leo yeye mwenyewe ndiye anayelima shamba hilo hilo. Tena kuna kipande kingine kinauzwa, na shemeji yangu anasema nilipe mimi, hati iandikwe jina lake kwa kuwa mimi mgeni. Mali huko kijijini inaendaje, na mimi nifanyeje?

Jibu: Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Nianze na yasiyongoja. Rehani ya baba mkwe unaweza kuikomboa, na ni jambo jema, ila ujue hapo hununui shamba. Unamfungulia mzee shamba lake. Na lile la kuandikisha jina la shemeji usilifanye, hata akikuapia. Sababu nitazieleza, lakini kwanza inabidi ufahamu jinsi shamba lenyewe linavyoliwa, kwa sababu usipolijua hilo sheria peke yake haitakusaidia.

Tumbak moja ni kama mita 14 za mraba, kwa hiyo 200 ni kama mita 2,800, chini kidogo ya robo tatu ya ekari. Usilidharau. Wakulima wengi wa Java wana chini ya nusu hekta, na wengi wengine hawana hata jaruba moja. Katika mabonde ya Priangan, nchi ya milima ya Wasunda, ardhi ni kidogo, watu ni wengi, na maji yanashuka mlimani mwaka mzima. Mahali pa namna hiyo shamba huwa na jina la mtu mmoja kwenye daftari la kijiji, lakini wanaolitegemea ni wengi.

Chukua msimu mmoja wa shamba hilo. Tuseme limetoa magunia 12. Wa kwanza kuchukua ni wavunaji, wengi wao kina mama wa vitongoji vya karibu. Hawalipwi pesa, wanalipwa kwa mpunga wanaouita bawon, na sehemu nyingi ni gunia moja katika kila sita au karibu na hapo. Kwa hiyo mawili yameondoka. Upande wa kaskazini, Subang na Karawang, kuna utaratibu wa ceblokan: mama anapanda na kupalilia bila ujira, na kwa kazi hiyo anapata haki ya kuvuna jaruba lile na kuchukua bawon yake. Mwenye shamba akimwita mvunaji mwingine siku ya mavuno, kijiji kizima kitamhesabu kuwa amemdhulumu, japo hakuna karatasi yoyote iliyoandikwa.

Yamebaki magunia kumi. Hapa ndipo panapokuchanganya. Jirani aliyetoa milioni 40 ndiye anayelishika shamba mpaka arudishiwe pesa yake, na mazao ni yake. Lakini yeye naye ana majaruba yake, au ni mtu mzima asiye na nguvu, au anaishi mjini. Anamhitaji mlimaji, na mlimaji anayelijua shamba lile, mifereji yake na matuta yake yanayovuja, ni baba mkwe wako. Kwa hiyo anampa alime kwa nusu, ndiyo maro. Matano yanakwenda kwa jirani, matano yanabaki kwa mzee, na mbolea wanapatana. Zamani mzee alikula kumi, sasa anakula matano katika shamba lake mwenyewe. Matano yale mengine, msimu hadi msimu, ndiyo gharama ya ile milioni 40.

Kama wazee wako wana nasaba ya Unguja au Oman, waulize habari za beei ya khiyari. Katika karne ya 19 wenye mashamba ya mikarafuu walikuwa "wakiuza" shamba kwa mkopeshaji huku wakibakiza haki ya kulirudisha, kisha wanabaki humo humo wakilipa kodi. Njia ni ile ile: pesa inapatikana na mtu hang'oki kwenye ardhi yake. Na mjadala wa dini uliokuwapo kwetu upo na kwao, kwa kuwa wao ni Mashafii kama sisi wa pwani. Ajengan, yaani masheikh wao wa vijijini, wapo wanaosema wazi kwamba mshika rehani kula mazao kwa sharti ni riba. Gadai inaendelea hata hivyo, maana mtoto akilazwa hospitali usiku hakuna benki itakayofungua mlango kwa karatasi ya daftari la kijiji.

Gadai haina siku ya kufa. Kwa desturi yao mshika rehani hawi mwenye shamba hata miaka ipite mingapi. Mzee akifa, haki ya kukomboa wanairithi watoto wake. Jirani akifa, haki ya kudai pesa wanairithi wa kwake. Kwa hiyo mtu asikutishe kwamba usipolipa mwezi huu shamba limepotea. Ukombozi wenyewe hufanyika baada ya mavuno, jaruba likiwa tupu. Usipeleke pesa mpunga ukiwa shambani, utazua ugomvi wa nani anavuna.

Sasa kuna sheria ambayo baba mkwe pengine haijui, au anaijua na hathubutu kuitaja. Mwaka 1960 serikali ya Indonesia ilipitisha sheria namba 56 ya kuweka kikomo cha ardhi ya kilimo, na kifungu chake cha 7 kinahusu gadai. Shamba likishikwa rehani miaka saba au zaidi, mshika rehani analirudisha bure ndani ya mwezi mmoja baada ya mavuno, hana ruhusa ya kudai hata senti. Kama haijafika saba, mwenye shamba anaweza kulidai wakati wowote baada ya mavuno kwa kulipa sehemu tu ya pesa. Unachukua saba na nusu, unatoa miaka iliyopita, unagawanya kwa saba. Kwenu ni miaka minne: saba na nusu kutoa nne ni tatu na nusu, ukigawanya kwa saba unapata nusu. Kwa hiyo kisheria shamba la mkweo linakombolewa kwa milioni 20, na si 40. Mantiki yake ni kwamba mshika rehani amekuwa akijilipa kwa mazao msimu hadi msimu.

Kijijini utasikia hesabu nyingine kabisa: aliyetoa 40 anarudishiwa 40. Hata wenyekiti wa vijiji wengi wanashuhudia gadai kwa masharti hayo. Ushauri wangu hapa unategemea jirani ni nani, na hili mke wako anaweza kulijua kwa simu moja. Akiwa ni mtu anayekusanya majaruba ya wenye shida, ana kumi ya namna hiyo, basi sheria ilitungwa kwa ajili yake, na mkweo ana haki ya kwenda ofisi ya kijiji na kifungu hicho mkononi. Lakini siku hizi mshika rehani mara nyingi ni mtu kama nyinyi: mwanamke aliyefanya kazi za nyumbani Jeddah au Dubai miaka mingi, akaweka akiba yake yote kwenye jaruba la jirani kwa sababu hana ardhi na hana pensheni. Magunia yale matano ndiyo riziki yake. Huyo mimi singemnyang'anya milioni 20 kwa kifungu cha sheria. Zungumzeni naye, mwambieni mnaijua sheria, mkubaliane kiasi ambacho hakitamfanya mzee ashindwe kumsalimia msikitini. Huo ni uamuzi wa baba mkwe, tena uwe wake, usiwe wako.

Tuje kwenye maneno "litakuwa lenu". Mzee anaweza kuwa anayasema kwa moyo safi, lakini hayana nguvu yoyote. Mtu akimkombolea mwenzake shamba, umiliki hauhami. Kwa macho ya kijiji ama umemsaidia mkweo, ama umeingia mahali pa yule jirani na sasa rehani iko kwako. Mzee akifariki kesho, ndugu za mke wako watasema shamba ni la baba na liingie kwenye mirathi, na watakuwa sahihi. Kama nia ni kumpa mke wako, basi ampe kweli, kwa hiba iliyoandikwa mbele ya PPAT, yule ofisa anayeandika hati za ardhi (sehemu za vijijini mara nyingi ni mkuu wa tarafa, camat), ndugu wote wakiwa wameridhia.

Hiba kwa mtoto ni kawaida kabisa kwa Wasunda. Wazazi wengi hawangoji kufa ndipo wagawe. Mtoto akioa au kuolewa anakatiwa kipande chake, wa kiume na wa kike, maana ukoo wao unahesabiwa pande zote mbili. Nyumba mara nyingi humwendea mtoto aliyebaki kuwatunza wazee, na mara nyingi huyo ni kitinda mimba. Kinachobaki baada ya kifo hugawanywa kwa sheria ya dini au kwa mapatano. Mkusanyo wa sheria za Kiislamu wa mwaka 1991, unaotumiwa na mahakama zao za dini, unaruhusu warithi kugawana kwa suluhu mradi kila mmoja ameshaijua sehemu yake ya kisheria kwanza. Hivyo utakuta familia ya wacha Mungu wakikaa na ajengan, wakapigiwa hesabu ya wawili kwa mmoja, kisha kaka wakaamua wenyewe kugawana sawa na dada zao. Mkusanyo huo huo unasema hiba isizidi theluthi moja ya mali, na kwamba hiba ya mzazi kwa mtoto inaweza kuhesabiwa kuwa fungu lake la mirathi. Kwa hiyo ulizeni mapema: hizi tumbak 200 ni sehemu gani ya mali yote ya mzee? Kama ndizo zote alizonazo, ndugu zake mkeo wakinyamaza leo watakuja kusema kesho.

Uraia wako ndio unaoamua mambo mengine yote. Sheria ya msingi ya ardhi ya 1960, kifungu cha 21, inampa umiliki kamili, hak milik, raia wa Indonesia peke yake. Kifungu cha 26 kinasema mpango wowote wa kumhamishia mgeni umiliki huo, moja kwa moja au kwa kuzunguka, ni batili, ardhi inaangukia serikalini, na pesa iliyokwisha lipwa haidaiwi. Uisome sentensi hiyo mara mbili, ndugu yangu. Pendekezo la shemeji ndilo hilo la kuzunguka. Mambo yakiharibika, mahakama haitakusikiliza, na wala shemeji hatahitaji kuwa mtu mbaya ili upoteze. Inatosha afe, au aachane na mkewe nao wakagawana mali, au aliweke shamba rehani ili asomeshe mtoto. Kwenye karatasi ni lake.

Kwa nini basi hiba kwa mke wako ni salama na ununuzi si salama? Sheria ya ndoa ya 1974 inasema kinachopatikana ndani ya ndoa ni mali ya pamoja, lakini kile mtu anachokipata kwa hiba au mirathi kinabaki chake mwenyewe. Shamba akipewa na baba yake ni lake peke yake, raia wa Indonesia, hakuna mgogoro. Likinunuliwa kwa mishahara yenu ya Maskati ni la wote wawili, na nusu ya mgeni ndiyo inayoziba mlango. Dawa yake ni mkataba wa kutenganisha mali. Zamani ulikuwa lazima ufanyike kabla ya ndoa, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa Oktoba 2016 hata waliokwisha oana wanaweza kuufanya kwa notari na kuusajili. Mkiufanya, mke wako anaweza kununua kile kipande kwa jina lake, akakimiliki peke yake. Wewe utakuwa umempa mkeo. Kama moyo wako haukubali hilo, usinunue.

Haya yote yanategemea ndoa yenu kutambulika kule. Mmeoana Oman, mkirudi Indonesia mnatakiwa kuiandikisha ndani ya mwaka mmoja. Wapo wengi walioishia kwenye nikaha isiyosajiliwa, kisha watoto wakahangaika kwenye vyeti na mirathi. Na mwambie mkeo asihamishe anwani ya kitambulisho chake, KTP, kutoka tarafa ya kwao. Kanuni ya mwaka 1961 inakataza shamba la kilimo kumilikiwa na mtu anayeishi nje ya tarafa lilipo, isipokuwa tarafa inayopakana. Utekelezaji wake ni dhaifu, lakini hati ikiandikwa kitambulisho kitaangaliwa.

Nyaraka. Mzee akikuonyesha kikitir au girik, hizo ni karatasi za kodi zinazotokana na daftari la kijiji liitwalo Letter C. Zinaonyesha nani alikuwa akilipia ardhi ile, hazithibitishi umiliki. Kanuni ya serikali namba 18 ya 2021 ilitoa miaka mitano kwa ardhi za zamani za kimila kusajiliwa, na baada ya hapo karatasi hizo zinabaki kuwa kielelezo tu. Serikali imekuwa ikipima vijiji kwa jumla chini ya mpango wa PTSL, ambapo gharama kwa mwananchi ni ndogo. Uliza kama kijiji chao kimeshapitiwa, na kama jaruba hili lilipimwa, lilipimwa kwa jina la nani. Imewahi kutokea mahali pengi kwamba daftari bado lina jina la babu aliyefariki zamani, na warithi wake sasa ni watu thelathini.

Kile kipande kinachouzwa sijui kiko bondeni au mlimani, na tofauti hiyo ni kubwa. Waholanzi kwa sheria ya 1870 walitangaza ardhi isiyo na hati kuwa ya dola, wakaikodisha kwa makampuni kwa miaka 75, na ndiyo asili ya mashamba ya chai yanayozunguka mlima Gede. Leo miteremko mingi ya Cianjur ni ya serikali chini ya leseni za mashamba makubwa, au ni msitu unaosimamiwa na Perhutani, shirika la misitu la serikali. Wanakijiji wanalima humo karoti, vitunguu na kahawa, wengine baba hadi mwana, na "wanauziana" haki ya kulima. Anayeuza hadanganyi kwa macho ya jirani zake, lakini ulichonunua ni ruhusa ya kulima mpaka siku mwenye leseni atakapokuja. Ofisi ya ardhi ya wilaya inaweza kuangalia kwenye ramani kabla hujatoa chochote.

Mwisho, nafasi yako kule. Wasunda wana jina la mume anayehamia kwenye ardhi ya mke aliyemzidi mali: wanasema anajificha chini ya fundo la nywele zake. Huyo anaheshimiwa akifanya kazi, lakini sauti yake juu ya shamba ni ndogo. Ukilijua hilo hutaumia. Ukienda, mwite mzee Abah au Apa kama mke wako anavyomwita, kaa naye ukingoni mwa balong, lile bwawa la samaki lililo karibu na kila nyumba yenye uwezo, na usianze wewe kutaja pesa. Watavua gurame, watapika wali wa liwet, na mambo ya shamba yatakuja baada ya chakula, mara nyingi kupitia kaka mkubwa au mjomba.

Siku ya kukomboa wawepo watu hawa: mzee, jirani, ndugu wote wa mke wako au wawakilishi wao, na mtu wa ofisi ya kijiji. Ikiwa kuna karatasi ya gadai ya awali, irudishwe na kufutwa mbele yao. Stakabadhi mpya ibandikwe stempu ya meterai ya rupia 10,000 na iseme mambo matatu waziwazi: kiasi kilicholipwa, kwamba rehani imekwisha, na pesa ile ni ya nani na kwa masharti gani, msaada kwa mzee, mkopo kwake, au sehemu ya makubaliano ya hiba. Kama ni hiba, tarehe ya kwenda kwa PPAT ipangwe hapo hapo kabla watu hawajatawanyika. Na muulizeni mzee mbele ya wote kama ataendelea kulima kwa nusu nyinyi mkiwa Maskati. Sheria namba 2 ya 1960 inataka mapatano ya namna hiyo yaandikwe mbele ya mkuu wa kijiji na yadumu angalau miaka mitatu kwa shamba la mpunga. Wachache wanafanya hivyo kati ya baba na mtoto, lakini kwenu, wenye shamba wakiwa ng'ambo ya bahari, ningeliandika, na ndani yake ningetaja pia wale kina mama wanaolivuna kila msimu, ili atakayelima baada ya mzee asije akawaondoa.